Gari linalolala gereji si mtaji

WAFANYABIASHARA wadogo wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju wanaponunua gari la biashara huwa makini sana katika jambo moja, nalo ni bei. Huzunguka yadi moja hadi nyingine, huulizia ushuru, humwita fundi asikilize injini, na hatimaye hulipa. Swali ambalo huulizwa mara chache ndilo lenye uzito zaidi: gari hili litafanya kazi siku ngapi kwa mwezi, na ni nani atakayehakikisha hivyo?

Viwandani na majeshini kazi ya kulijibu swali hilo ni taaluma kamili, inayoweza kuitwa kwa Kiswahili uchambuzi wa mahitaji ya matunzo. Maana yake ni kukaa chini kabla mtambo haujanunuliwa na kuorodhesha kila utakachohitaji ili ufanye kazi hadi mwisho wa uhai wake: vipuri gani, vingapi na viwekwe wapi, mafundi wa ujuzi upi, zana zipi, vitabu gani vya maelekezo, karakana ya namna gani, na kila tengenezo lichukue muda gani. Jeshi la Marekani liliandikia kazi hiyo mwongozo rasmi, na toleo la mwaka 1983 likawa ndilo lililofuatwa na viwanda vilivyoliuzia zana.

Ujuzi huo si wa wenye vifaru na ndege peke yao. Mwenye Coaster moja anauhitaji, na mwenye matipa matatu anauhitaji zaidi. Tatizo la soko la Dar es Salaam ni kwamba watu wengi hudai wanao, wachache huonyesha kazini kwamba wanao, na wenye fedha hawajajifunza kudai waonyeshwe.

FUNZO LA KUMBAKUMBA

Jiji hili limelipa karo ya somo hili zaidi ya mara moja. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974 baada ya kampuni ya DMT kugawanywa, upande mmoja ukawa UDA na mwingine KAMATA. Wakazi wa makamo bado wanayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungary, yaliyopachikwa jina la kumbakumba kwa jinsi yalivyozoa abiria.

Mabasi yale hayakuwa mabovu kwa kuzaliwa. Yalitegemea vipuri vya nje, na vipuri vya nje vilitegemea fedha za kigeni. Fedha hizo zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Uganda kumalizika, basi lililoharibika lilingoja. Lililongoja likawa chuma cha kuegesha. Abiria walibaki vituoni, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu rasmi magari ya watu binafsi, yale yaliyokwisha kuitwa daladala, yafanye kazi ambayo shirika lilikuwa limeshindwa.

Wenye daladala nao walijifunza kwa kupoteza fedha. Miaka ilivyokwenda, soko la vyombo vidogo na vya kati likaelemea kwenye aina chache, hasa Hiace na Coaster. Sababu haikuwa uzuri wa viti. Spea za magari hayo ziko Kariakoo, mpya na za mtumba, na fundi anayeyajua yuko chini ya mwembe wa karibu. Hakuna ofisi iliyowaandikia wamiliki uchambuzi. Soko lenyewe liliufanya, na likatoza ada kubwa kwa kila aliyenunua gari la aina ngeni.

KARAKANA BONDENI

Somo hilo lilirudi kwa sura nyingine ulipoanza mradi wa mabasi yaendayo haraka. Huduma ya awamu ya kwanza ilianza Mei 10, 2016, kwa mabasi 140 yaliyotengenezwa China, katika njia ya kilometa 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani. Kwa abiria wa Kimara na Kinondoni ilikuwa nafuu ya kweli, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya waliobuni mradi huo sifa hiyo.

Lakini karakana na maegesho makuu ya mabasi hayo yaliwekwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Bonde hilo hufurika, na mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yamekwisha kulionyesha jiji zima maji yanafika wapi. Miaka iliyofuata mvua kubwa zilisimamisha huduma mara kwa mara, na mwaka 2018 maji yaliyaingia mabasi yakiwa yameegeshwa na kuyaharibu. Baadaye suala la kuihamisha karakana hiyo likaingizwa katika mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2022.

Mwekezaji mdogo asilisome jambo hili kama habari za Serikali tu. Barabara ilijengwa, mabasi yakanunuliwa, vituo vikapendeza, na bado mahali pa kuyatunzia mabasi pakawa ndipo palipoitia huduma nzima udhaifu. Mwenye tipa anayelilaza kwenye kiwanja cha bondeni kwa sababu kodi yake ni ndogo amefanya uamuzi wa aina ile ile, tofauti ni ukubwa wa hasara.

NANI HUUMIA GARI LIKILALA?

Katika biashara ya magari ya abiria na mizigo Dar es Salaam kuna watu watatu wanaoligusa gari: tajiri, dereva na fundi. Maslahi yao hayalingani.

Dereva hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na kinachozidi ni chake. Akilisimamisha gari nusu siku libadilishwe oili au liangaliwe breki, hesabu inamsubiri pale pale. Kwa hiyo ana kila sababu ya kunyamazia mlio mdogo mpaka uwe mkubwa. Akiwa ni deiwaka wa siku mbili, hata sababu ya kuukumbuka mlio huo hana.

Fundi wa kulipwa kwa kazi hupata fedha gari linapoharibika. Haina maana kwamba mafundi si waaminifu, kwani wengi ni waaminifu na hodari. Ina maana kwamba hakuna anayemlipa kwa kuzuia uharibifu. Anayepoteza fedha gari likilala ni tajiri peke yake, na mara nyingi tajiri huyo ni mtumishi wa ofisini au mwenye duka ambaye hujua habari za gari lake kwa simu ya saa mbili usiku.

Hapo ndipo ujuzi wa kuchambua mahitaji ya matunzo unapotakiwa kukaa: kwa tajiri mwenyewe, au kwa mtu anayemlipa kwa siku ambazo gari limefanya kazi badala ya idadi ya matengenezo. Ukikosekana hapo, haupo popote.

HESABU ZA KARATASI MOJA

Wengi hudhani uchambuzi huu ni mambo ya kompyuta. Mfano ufuatao unaonyesha kwamba karatasi moja inatosha. Chukua tipa linalobeba mchanga na kokoto upande wa Bunju, linalomwachia mwenyewe shilingi 150,000 kwa siku baada ya mafuta na posho. Likifanya kazi siku 26 kwa mwezi humpa shilingi 3,900,000. Likilala siku sita kati ya hizo, hupungua shilingi 900,000. Kama rejesho la mkopo ni shilingi 2,500,000 kwa mwezi, alikuwa abakiwe na shilingi 1,400,000, na sasa anabakiwa na 500,000. Tairi jozi moja inaweza kuimaliza.

Swali linalofuata ni spea ipi awe nayo stoo. Tuseme kuna kipuri cha shilingi 300,000 ambacho kikifa gari halitembei, hupatikana kwa kuagiza kwa siku nne, na uzoefu unaonyesha hufa mara moja katika miaka miwili. Fedha ikimgharimu asilimia 3 kwa mwezi, kukiweka kipuri hicho kabatini ni shilingi 9,000 kwa mwezi, yaani 216,000 kwa miaka miwili. Kutokuwa nacho ni siku nne za kulala, sawa na shilingi 600,000. Kiwekwe.

Tuseme sasa ni gia boksi nzima ya shilingi milioni 4, inayokufa mara moja katika miaka minne na kulilaza gari siku kumi. Kuiweka stoo ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na kwa miaka minne ni 5,760,000. Siku kumi za kulala ni shilingi 1,500,000. Isiwekwe. Kinachotakiwa ni kujua mapema nani anayo, kwa bei gani, na kupatana naye kabla ya siku ya msiba.

Mfano huo ni wa kufundishia, na kila mwenye gari aweke tarakimu zake. Lakini anayeweza kuufanya kwa magari yake halisi, kwa kumbukumbu zake halisi, tayari anafanya kazi inayofanywa na wataalamu wa mashirika makubwa. Asiyeweza huishia kwenye moja ya makosa mawili: stoo iliyojaa vyuma visivyotumika, au stoo tupu siku ya shida. Katika makampuni madogo mengi makosa yote mawili hukaa chumba kimoja, chini ya mtunza stoo aliyepata kazi kwa sababu ni mtoto wa shangazi.

CHETI NA USHAHIDI

Je, mwajiri au mwekezaji atamtambuaje mwenye ujuzi huu? Desturi ni kuuliza cheti. Cheti kina thamani yake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Chang'ombe, Temeke, na mfumo wake wa mafunzo unasisitiza umahiri, yaani mtu apimwe kwa anachoweza kufanya. VETA pia imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mitaani, hatua ambayo imewapa heshima watu waliokuwa wakiitwa mafundi wa mwembeni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Mabibo nacho kinafundisha mambo ya usafirishaji na ugavi.

Hata hivyo, kuna pengo. Fundi anaweza kuthibitishwa kwamba anafungua na kufunga injini vizuri, na bado asijue ni vipuri vipi viwe stoo na kwa nini. Mhitimu wa ugavi anaweza kueleza darasani namna ya kupanga akiba, na bado asijue kwamba bushi za gari lile hufa mapema kwa sababu ya barabara ya vumbi linayopita. Ujuzi wa kuunganisha mambo hayo mawili huonekana mahali pa kazi tu, na unapaswa kudaiwa ushahidi wa mahali pa kazi.

Ushahidi huo si mgumu kuuomba. Kwanza, daftari la kila gari: tarehe, kilometa, nini kiliharibika, nani alitengeneza, lililala siku ngapi. Pili, orodha ya vipuri vinavyolisimamisha gari kabisa, ikitenganishwa na ile ya vipuri ambavyo gari linaweza kuvisubiri. Tatu, maelezo ya kwa nini kipuri fulani kipo stoo na kingine hakipo, kwa hesabu kama zile za hapo juu. Nne, uamuzi wa matengenezo yapi yafanyike nyumbani na yapi yapelekwe nje, na sababu zake. Tano, jambo moja alilolibadilisha baada ya kuona daftari linasema nini, na matokeo yake.

Hilo la tano ndilo linalotenganisha wajuzi na wasemaji. Orodha inaweza kunakiliwa kutoka kwa jirani. Anayeweza kusema kwamba klachi zilikuwa zikifa kila baada ya miezi mitano, akagundua ni kwa zamu ya dereva mmoja, akamfundisha, na sasa zinakaa miezi kumi na moja, na daftari likamuunga mkono, huyo apewe magari.

MABASI YA GESI NI MTIHANI MPYA

Suala hili lina haraka kwa sababu teknolojia inabadilika. Oktoba 2025 huduma ya mabasi yaendayo haraka ilianza katika njia ya Mbagala, awamu ya pili, kwa mabasi yanayotumia gesi asilia. Bajaji na teksi nyingi jijini zimekwisha kubadilishwa zitumie gesi hiyo, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni mojawapo ya mahali panapofanyika kazi ya kuzifungia mitungi.

Hesabu ya mafuta inavutia, na wafanyabiashara wana haki ya kuvutiwa nayo. Lakini gesi huja na mahitaji yake ya matunzo. Mtungi una muda wa kupimwa. Mabomba na viungo vyake vinahitaji fundi aliyesomea mgandamizo mkubwa, na si kila fundi wa injini anafaa kuvigusa. Vituo vya kujazia bado si vingi kama vya petroli, na foleni zake zimekuwa kilio cha madereva kwa muda mrefu. Saa mbili kwenye foleni kila siku ni saa mbili za gari kutofanya kazi, hata kama injini ni nzima kabisa. Anayepiga hesabu ya akiba ya mafuta bila kuitoa foleni amepiga nusu ya hesabu.

WENYE HOJA TOFAUTI

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya makampuni yenye magari hamsini, na kwamba mwenye Coaster moja hana fedha ya kumlipa mchambuzi. Ni kweli hana, na hahitaji. Anahitaji daftari la kaunta, nusu saa kila Jumapili, na ukali wa kudai risiti. Wenye gari moja moja wa njia moja wanaweza pia kuungana: kumi wenye gari la aina moja wakiweka spea kumi muhimu kwenye kabati moja, gharama ya kila mmoja inashuka hadi sehemu ya kumi, na kila mmoja analindwa karibu sawa na mwenye stoo yake.

Wengine watasema kwamba dereva mwaminifu na fundi mzuri wanatosha. Hao ni hazina, na anayewapata awashike. Lakini biashara inayotegemea uaminifu wa watu wawili bila kumbukumbu hufa siku mmoja wao anapopata kazi Dodoma.

Hoja nzito zaidi ni kwamba spea bandia zimejaa sokoni, hivyo hesabu za muda wa kipuri kufa hazina maana. Hapo daftari linakuwa na kazi kubwa kuliko zote. Ni daftari linaloonyesha kwamba breki za duka hili zilikaa miezi miwili na za duka lile minane. Asiyeandika hununua kwa mwenye bei ndogo kila mara, na hajui kamwe kwamba ndiye aliyemuuzia ghali.

KWA WENYE HISA NA WAKOPESHAJI

Somo haliishii kwenye magari. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze biashara mwaka 1998, Watanzania wa kipato cha kawaida wamenunua sehemu za makampuni yenye mitambo mikubwa. Kiwanda cha saruji cha Wazo, Kinondoni, ambacho kampuni yake iliingia sokoni mwaka 2006, ni mfano ulio karibu. Tanuri la saruji husimamishwa kwa mpango ili matofali yake ya ndani yabadilishwe, na likisimama bila mpango mauzo husimama nalo huku gharama zikiendelea. Mwenye hisa mia mbili ana haki, kwenye mkutano mkuu, ya kuuliza mitambo ilisimama siku ngapi mwaka uliopita, ngapi kwa mpango na ngapi kwa ajali. Ni swali la adabu, na jibu lake humweleza mengi kuhusu gawio la mwaka ujao.

Wakopeshaji nao wajiangalie. Kuishikilia kadi ya gari humlinda mkopeshaji kwa kiasi fulani, lakini gari lililokufa ni dhamana iliyokufa. Mkopeshaji anayemwomba mteja daftari la matengenezo la miezi sita kabla ya kumwongezea mkopo angepunguza hasara yake, na papo hapo angemfundisha mteja kazi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa anayeingia yadi wiki hii na fedha zake mfukoni, ushauri ni mfupi. Kabla ya kuuliza bei ya mwisho, aulize spea tano zinazolisimamisha gari hilo ni zipi, zinapatikana wapi na kwa siku ngapi, na ni fundi gani aliyekwisha kuzifunga. Muuzaji akishindwa kujibu, hiyo ni habari. Mnunuzi mwenyewe akiona hawezi kuyapata majibu hayo kwa muda wa siku tatu, fedha zikae mfukoni kwanza.